Haliwi, kwa hiyo hana jina?



Leo nimekusudia kuzungumza na wote, lakini hasa na ninyi mlioko Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde, na ninyi wa Masasi mlioko chini yake kati ya yale majabali. Nataka tuzungumze juu ya bahari. Najua wapo watakaosema: bahari inatuhusu nini sisi wa korosho na mihogo? Naomba mnivumilie kidogo. Nitaanzia baharini, nitapanda nanyi hadi katika mikorosho, kisha tutarudi tena baharini.

Mpwa wangu mmoja amezaliwa Newala na amekulia huko. Ni mtoto wa dada yangu, na ninyi Wamakonde mnaelewa vizuri deni la mjomba kwa mpwa wake. Likizo moja alinijia Mtwara kwa gari lililopita Tandahimba na Nanyamba. Nikamwambia, "Kesho ni bamvua. Tutakwenda Mikindani, utaona bahari ikikimbia." Hakuniamini. Kwake bahari ilikuwa kitu cha kwenye ramani, cha rangi ya buluu, kisichoondoka mahali pake.

Asubuhi yake tukaenda. Wakati wa bamvua katika pwani yetu, maji huwa yamekupwa kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi. Tulikuta uwanja mpana wa majani ya bahari umelala wazi juani, kijani kama shamba la mpunga baada ya mvua. Kina mama walikuwa wameinama na ndoo zao wakitafuta chaza na tondo. Kijana akavua viatu nikamzuia, maana katika majani hayo wamo konokono aina ya koni wenye sumu kali, na samaki wa miiba pia. Akavivaa tena, akaingia.

Haikupita nusu saa akaniita. Juu ya jani moja palikuwa na kidude cha kijani, laini, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, chenye mabawa mawili yaliyokunjwa mgongoni na pembe mbili kichwani. Kilikuwa kinatembea polepole. "Mjomba, huyu ni nani?"

Angalieni swali lake. Hakusema "hiki ni nini", alisema "huyu ni nani". Alikwisha kuona kwamba ni mnyama.

Karibu yetu alikuwapo bibi mmoja wa pale pale Mikindani. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha nikamwomba atusaidie jina. Akamtazama yule mdudu mkononi mwa kijana, akacheka kidogo, akasema: "Huyo haliwi, baba. Hana jina."

Ndugu wasikilizaji, maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile. Bibi yule anajua bahari kuliko mimi na kuliko wengi wenye vyeti. Anamjua chaza, tondo, kaa na pweza kwa makao yao, msimu wao na tabia zao. Lakini katika elimu yake, kama ilivyo katika elimu ya watu wengi duniani, kinacholiwa kina jina, kinachouma kina jina, na kinachouzwa kina jina. Kisichofanya lolote kati ya hayo ni uchafu wa bahari tu.

Sasa tupande Newala. Kuna jambo moja ambalo wakulima wa korosho wa Masasi na Newala wamelijua kwa gharama kubwa. Maua ya mkorosho yanaponyauka, wapo wanaosema "mkorosho unaumwa", basi. Lakini mkulima hodari haishii hapo. Anasogea na kutazama. Akiona unga mweupe wa kijivujivu juu ya maua na majani machanga, anajua huo ni ubwiriunga, nao ni ukungu, na dawa yake salfa. Akiona madoa meusi na vichipukizi vilivyokauka kama vimeunguzwa, anamshuku mbu wa mikorosho, ambaye ni mdudu, na salfa haimwui. Asiyetofautisha atapuliza mifuko na mifuko ya salfa juu ya mdudu asiyeijali, na fedha yake itakwenda na upepo. Wataalamu wa Naliendele wametumia miaka mingi kufundisha jambo hilo.

Kwa hiyo ninyi hamhitaji kuambiwa kwamba kutambua ni kazi yenye faida. Mnajua tayari kwamba unapokosea jina umekosea na dawa. Ninachoomba leo ni kwamba macho yale yale mnayoyatumia juu ya ua la mkorosho, wana wenu wayatumie pia juu ya jani la bahari.

Basi, yule alikuwa nani? Alikuwa koa wa baharini. Koa ni jamaa ya konokono, ila hana kombe la kujifunika. Wa nchi kavu mnawaona mashambani wakati wa masika wakiacha ute njiani. Wa baharini ni wengi zaidi na wazuri zaidi, lakini wengi ni wadogo, milimita tano, kumi, ishirini. Nje ya maji huwa kama tone la kamasi, ndiyo maana hudharauliwa. Mtie katika bakuli jeupe lenye maji ya bahari, umwache atulie. Atajifungua kama ua, na hapo ndipo maswali yanapoanza.

Swali la kwanza: je, ni koa kweli? Watoto wengi wa pwani kila kitu laini hukiita jongoo bahari. Jongoo bahari ni mwingine kabisa. Ngozi yake ni ngumu kama ya viatu, hana pembe kichwani, na mdomo wake umezungukwa na vishikio. Jamaa zake ni viti vya pwani, si konokono. Yuko tena mnyoo bapa, mwenye rangi za kupendeza, anayemdanganya hata mtu mzima. Huyo ni mwembamba kama karatasi, huteleza juu ya jiwe kama kivuli, na mgongoni hana matamvua ya kupumulia.

Swali la pili: pembe zake zikoje? Pembe za koa ni za kunusia. Kwa wengine zimekunjwa kama sikio la sungura. Kwa wengine zina mikunjo mingi iliyopangana, na ukimgusa huzivuta ndani zikapotea. Wako pia wasio na pembe kabisa, ambao kichwa chao ni kipana kama sepetu, na hao hupenda kujichimbia mchangani katikati ya majani.

Swali la tatu: mgongoni ana nini? Akiwa na shada la matamvua karibu na mkia, kama ua lililochanua, yuko katika kundi la doridi. Akiwa na safu za vidole vidogo vidogo mgongo mzima, yuko katika kundi la eolidi. Hao wa vidole ni majambazi hodari: hula viumbe wenye sumu ya kuwasha, kisha huzihamisha silaha za waliowala hadi katika ncha za vidole vyao wenyewe na kujilindia nazo. Akiwa na mabawa mawili kama jani lililokunjwa, huenda ni Elysia. Na akiwa mkubwa kama ngumi au zaidi, mzito, na akitoa wino wa zambarau unapomsumbua, huyo ni yule anayeitwa sungura wa bahari, kwa ajili ya pembe zake.

Swali la nne: umemkuta juu ya nini? Hapa wengi hukosea. Majani ya bahari ni mimea kamili, yenye mizizi na maua. Mwani si mmea wa namna hiyo, ingawa macho huviona sawa. Na juu ya jani moja la bahari huota mwani mdogo na kukaa viumbe wengine wengi. Kwa hiyo koa aliyeko juu ya jani mara nyingi hakulifuata jani, amefuata kilichoota juu yake. Elysia hutoboa chembe za mwani na kunyonya maji yake. Baadhi yao hawazimeng'enyi zile chembe za kijani, bali huziweka mwilini zikaendelea kufanya kazi kwa muda juani. Ukijua chakula chake umekwisha kumjua nusu.

Swali la tano: je, yako mayai karibu? Doridi hutaga utepe uliozungushwa kama ua la waridi. Sungura wa bahari hutaga nyuzi ndefu zilizotatizana, utadhani mtu kamwaga tambi.

Na rangi je? Rangi nimeiacha mwisho kwa makusudi. Mgeni huanza na rangi, na rangi ndiyo inayomponza. Wapo koa wa aina moja wenye rangi mbalimbali, na wapo wa aina mbalimbali waliovaa rangi moja ili kuwatisha samaki. Iandike rangi, lakini usihukumu kwayo peke yake.

Sasa niwaulize: majina yao yaliandikwa na nani? Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwapo Mwingereza aitwaye Sir Charles Eliot. Alikuwa Kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki hadi alipojiuzulu mwaka 1904. Mchana alitawala watu, na katika nafasi zake aliwachunguza koa. Mtaalamu wa bahari, Cyril Crossland, alikuwa amemkusanyia viumbe wengi Zanzibar na katika pwani hii mnamo miaka ya 1901 na 1902, na Eliot akatoa maandishi mfululizo juu yao huko London. Koa wa jamii moja aliwaita Crosslandia, kwa heshima ya huyo rafiki. Mwingine, mwaka 1904, alimwita Halgerda wasinensis, yaani wa Wasini, kile kisiwa cha kusini mwa pwani ya Kenya. Miaka mingi baadaye, kati ya 1969 na 1971, Malcolm Edmunds alichapisha maelezo marefu ya koa wa Tanzania, na katika miaka ya 1970 W. B. Rudman akaongeza ya kwake juu ya wale wa rangi za kung'aa.

Siwalaumu hao. Bila wao tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini lipo tatizo ambalo wenyewe walilijua. Koa akitiwa katika spiriti hupoteza rangi yake na kujikunyata. Yule aliyekuwa ua la bahari hufika Ulaya akiwa kipande cheupe kama mpira uliochemshwa. Maelezo mengi ya zamani yaliandikwa kutokana na vipande kama hivyo, na wataalamu wamehangaika miaka mingi kuchambua nani ni nani. Siku hizi hutumia vinasaba, na mara nyingine hugundua kwamba jina moja lilifunika aina mbili au tatu. Lakini vinasaba navyo havikuambii koa alikuwa akitembea vipi, juu ya jani gani, saa ngapi, mwezi gani. Hayo anayaona mtu aliyeko pale, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niwe na haraka. Upande wa Lindi, si mbali na uwanda wenu, pako Tendaguru. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913 wakatoa mifupa ya wanyama wakubwa wa kale wa miaka karibu milioni 150. Katika tabaka za pale yamo pia makombe ya baharini, na wataalamu hutumia makombe ya jamii ya Trigonia kutaja na kutofautisha tabaka hizo. Ndiyo kusema chaza aliyekufa zamani zile bado ana ushahidi wake, maana aliacha kombe. Koa anaacha nini? Wengi wao hawana kombe wala mfupa. Akifa, wimbi moja linatosha. Koa asiyeandikwa akiwa hai, akitoweka ni kama hakuwahi kuwapo.

Na majani anamokaa yako hatarini. Kokoro likiburutwa juu ya majani hung'oa na kusomba, likiacha mchanga mtupu. Baruti mnazijua, pwani ya Mtwara iliteseka nazo miaka mingi. Mwaka 2000 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na hilo ni jambo jema. Lakini hifadhi hulinda kwa orodha. Kitu kisichokuwamo katika orodha hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakuna anayejua kimepungua.

Najua sasa yuko mtu Masasi anayesema, "Sawa, lakini haliwi." Ngoja nimjibu. Yule sungura wa bahari wa wino wa zambarau, ambaye jina lake la kitaalamu ni Dolabella auricularia, anaishi katika majani ya bahari ya Bahari ya Hindi, ya kwetu yakiwamo. Wataalamu wa Marekani walimchunguza huyo na mwaka 1987 wakatangaza kwamba wamepata mwilini mwake sumu yenye nguvu ya ajabu dhidi ya chembe za saratani. Kutokana na umbo la sumu hiyo wakatengeneza maabara dawa inayofanana nayo, na mwaka 2011 dawa ya namna hiyo ikaruhusiwa Marekani kutibu aina fulani za saratani ya mitoki. Baadaye ikabainika kwamba sumu ile hasa hutengenezwa na viumbe vidogo vinavyofanana na mwani ambavyo koa huvila. Mnaona? Swali letu la nne, umemkuta juu ya nini na anakula nini, ndilo lililobeba siri yote.

Na si huyo peke yake. Mwaka 2000 Profesa Eric Kandel alipata Tuzo ya Nobel, akiwa mmoja wa watatu, kwa kueleza jinsi kumbukumbu inavyowekwa katika fahamu. Mnyama aliyemfundisha alikuwa sungura wa bahari wa jamii ya Aplysia, kwa kuwa chembe zake za fahamu ni kubwa na zinaonekana vizuri. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende. Anayemdharau koa huenda asipate tende, lakini atakosa dawa na elimu.

Basi tufanye nini? Sisemi kila mtoto wa Newala awe mtaalamu wa bahari. Nasema hivi: shule zinazopata nafasi ya kuwaleta wanafunzi pwani zitazame kalenda ya mwezi, wafike siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bamvua ikiwapo. Waje na bakuli jeupe, rula, penseli, daftari, na lenzi kama ipo. Mwenye simu apige picha ya mnyama akiwa ndani ya maji, ubavuni na juu. Waandike mahali, tarehe, jani, urefu, pembe, mgongo, mayai. Wakimaliza wamrudishe pale pale walipomtoa. Kipo kitabu kizuri cha viumbe wa pwani za Afrika Mashariki kilichohaririwa na Matthew Richmond na kutolewa kwanza mwaka 1997, na iko Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Zanzibar. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini michoro haina lugha.

Na jambo la pili: tuwape majina ya Kiswahili. Tukiweza kusema mbu wa mikorosho na tukaelewana kutoka Nachingwea hadi Kibaha, tunashindwaje kusema koa-jani, koa-vidole, koa-ua? Haya ninayapendekeza mimi tu. Wenye bahari yao, kina mama wa Mikindani na Msimbati, wanaweza kutupa mazuri zaidi wakiulizwa kwa heshima.

Nimalizie na mpwa wangu. Tulimtia yule koa bakulini, tukajiuliza maswali yote matano. Pembe zimekunjwa, mabawa mawili, mgongoni hakuna shada wala vidole, na karibu yake mwani wa kijani. Nikamwambia, "Ni Elysia." Akauliza, "Elysia gani?" Nikamwambia ushahidi wetu unaishia hapo, nasi tuishie hapo, kwani jina la kubahatisha ni baya kuliko kukosa jina. Akaandika hivyo hivyo katika daftari lake, akachora picha, akaweka tarehe. Kisha akaenda kumwonyesha yule bibi. Bibi aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ana mabawa." Alikuwa amepita juu yake tangu utotoni.

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Tukamrudisha koa kwenye jani lake, tukatoka.